Kutoka "Eti" hadi "Kumbe": Filamu ya Katuni ya Kirikou et la Sorcière na Ufundishaji wa Stadi za Lugha katika Shule ya Msingi

1. Utangulizi

Ufundishaji wa Kiswahili katika shule za msingi nchini Kenya umejengwa juu ya stadi nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, stadi mbili za mwanzo zimekuwa zikisahaulika, kwani mtihani haukuzipima. Hata kuandika kwenyewe kuliathirika. Katika miaka mingi ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilizuka desturi ya wanafunzi kukariri methali, tashbihi na vifungu vizima vya maneno ya kupendeza, kisha kuvipachika katika insha yoyote iwayo. Jua lilichomoza kwa mbwembwe zilezile, iwe insha inahusu harusi, ajali ya barabarani au siku ya michezo. Mwanafunzi aliandika mengi bila ya kueleza kitu alichokiona.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, unawahimiza walimu kutumia vifaa vya kidijitali, filamu zikiwemo. Wito huo ni mzuri, lakini haujibu swali ambalo ni la kihakiki zaidi kuliko la kiufundi: ni nini hasa ndani ya filamu ya katuni kinachoweza kumfunza mtoto lugha? Aghalabu hujibiwa kwamba filamu huvutia na kwamba mtoto hukumbuka alichokiona. Jibu hilo halitoshi. Mtoto anaweza kuvutiwa kwa saa nzima bila ya kutamka sentensi moja.

Makala haya yanakusudia kulishughulikia swali hilo kwa kuichunguza filamu moja, Kirikou et la Sorcière ya Michel Ocelot, iliyotolewa nchini Ufaransa mwaka 1998. Hoja yetu kuu ni kwamba filamu ya katuni huwa na manufaa kwa mwalimu wa lugha pale inapomwachia mwanafunzi kazi ya kusimulia. Picha ina uwezo mkubwa wa kuonyesha, ila kuna mambo isiyoweza kuyasema. Mambo hayo ndiyo somo. Tutaonyesha kwamba katika Kiswahili mambo hayo hujitokeza hasa katika maneno mawili madogo, "eti" na "kumbe", na katika upatanisho wa kisarufi wa ngeli.

2. Filamu na Jadi Yake

Ocelot alizaliwa mwaka 1943, na sehemu ya utoto wake aliishi Conakry, nchini Guinea. Filamu yake inatokana na ngano za Afrika Magharibi, ingawa ameziongezea mengi ya kubuni. Sauti za Kifaransa zilitolewa na waigizaji wa Dakar, na muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Mwaka 1999 filamu hii ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu za katuni la Annecy.

Kisa chenyewe ni chepesi kufuata. Mtoto anazungumza akiwa bado tumboni, anajizaa, na papo hapo anauliza baba yake yuko wapi. Anaambiwa kwamba wanaume wote wa kijiji walikwenda kupigana na mchawi Karaba, naye akawala. Chemchemi imekauka. Vinyago vinavyomtumikia Karaba huja kijijini kuwapokonya wanawake dhahabu yao. Kirikou, ambaye ni mdogo kiasi cha kuweza kujificha ndani ya kofia ya mjomba wake, anaokoa watu mara kadhaa, lakini swali lake halibadiliki: kwa nini Karaba ni mwovu? Hakuna anayeweza kumjibu. Hatimaye anapita chini ya ardhi hadi kwa babu yake, mzee mwenye hekima anayeishi katika mlima uliokatazwa. Huko anaelezwa kwamba Karaba ana mwiba wenye sumu mgongoni, ambao alichomwa na wanaume huku wengine wamemshikilia, na kwamba uchungu huo ndio asili ya nguvu na uovu wake. Kirikou anauchomoa mwiba kwa meno. Karaba anapona. Wanaume waliodhaniwa kuliwa wanarudi, kwani walikuwa wamegeuzwa kuwa vile vinyago.

Msomaji wa fasihi simulizi ya Kiafrika atatambua jadi anayotoka shujaa huyu. Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki mwa Congo, ambaye utendi wake ulisimuliwa na Karisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969, naye huzaliwa akiwa tayari anatembea na kusema. Kwa hadhira ya Kiswahili ulinganisho wenye manufaa zaidi ni ule wa Fumo Liongo. Katika masimulizi mengi ya pwani, Liongo hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe mwenyewe. Katika filamu hii pia siri ya mwenye nguvu imo mwilini mwake, na mtoto ndiye anayeifikia. Tofauti ni kwamba Liongo huangamizwa na kitu kinachoingizwa mwilini, hali Karaba anaponywa na kitu kinachotolewa. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuueleza mwachano huo kwa maneno yake mwenyewe, na akifanya hivyo atakuwa ameanza uhakiki linganishi bila ya kuambiwa jina lake.

3. Picha na Mianya ya Usimulizi

Wolfgang Iser, katika kazi yake kuhusu tendo la kusoma iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1976, alieleza kwamba matini ya kifasihi ina mianya ambayo msomaji huijaza kwa fikra zake. Kwa mtazamo wa haraka filamu haina mianya hiyo. Msomaji wa ngano huliwaza zimwi kwa namna yake, lakini mtazamaji wa filamu huletewa zimwi likiwa limekwisha kuchorwa, lina rangi na urefu wake. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya walimu wa fasihi simulizi huitazama filamu ya katuni kama adui wa fanani.

Hata hivyo, mianya ya filamu ipo, ila iko mahali pengine. Ngano huacha wazi sura za vitu, na filamu huacha wazi uhusiano baina ya vitu: sababu, mfuatano, shaka na hukumu. Kamera inaonyesha kinyago kimesimama juu ya paa la nyumba ya Karaba. Haisemi kwamba kilikuwa kikilinda, wala kwamba kilikuwa kimesimama hapo tangu alfajiri, wala kwamba lau kisingekuwapo Kirikou angepita kwa usalama. Viambishi -ki-, -me-, -nge- na -ka- havina picha. Ni lazima vitoke kinywani mwa msimulizi.

Hapa ndipo tunapopendekeza kwamba sauti ya filamu izimwe katika sehemu zilizoteuliwa. Filamu hii ilitolewa kwa Kifaransa, kisha ikatiwa sauti za Kiingereza, na nakala ya Kiingereza ndiyo mwalimu wa Kenya anayeweza kuipata kwa wepesi. Akiionyesha ilivyo katika kipindi cha Kiswahili, mtoto atatazama kijiji cha Kiafrika ambamo mama na mwana huzungumza lugha ya kigeni. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kutuonya mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, kuhusu mtoto anayetenganishwa na lugha ya hadithi za nyumbani kwao. Kuizima sauti kunalipunguza tatizo hilo na papo hapo kunafungua nafasi ya somo. Darasa likinyamaza, picha zikapita, anatakiwa mtu wa kusimulia. Kwa sababu hiyo vipindi vya katuni ambavyo tayari ni vya Kiswahili, kama Ubongo Kids vilivyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2014, vina nafasi yao katika kufundisha kusikiliza na msamiati, lakini haviwezi kufanya kazi tunayoizungumzia hapa. Sauti yake imekwisha kumfanyia mwanafunzi kazi ya kusimulia.

Kuna sehemu moja ambayo haifai kuzimwa, nayo ni ile ya mwanzo kabisa. Mama mjamzito amekaa peke yake na sauti inatoka tumboni mwake. Msemaji haonekani. Kwa stadi ya kusikiliza hakuna sehemu bora kuliko hii, kwani picha haimsaidii mtazamaji kumjua anayesema. Mwalimu anaweza kusitisha filamu mara tu sauti inapotoka na kuuliza: nani amesema, na umejuaje?

4. "Eti" na "Kumbe"

Karibu kila jambo ambalo kijiji cha Kirikou kinaliamini ni jambo la kusikia. Eti Karaba amewala wanaume. Eti mlimani hakufikiki. Hakuna mwanakijiji aliyemwona Karaba akimla mtu, ila wote wanasimulia kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia. Filamu inajengwa juu ya pengo hilo baina ya kilichosemwa na kilichoonekana. Kirikou ndiye pekee anayelitambua, kwani kila anapopewa habari huenda kuitazama mwenyewe. Chemchemi haina maji. Anaingia ndani na kumkuta mnyama aliyenenepa kwa kuyanywa yote, anamtoboa, maji yanabubujika na yeye mwenyewe anadhaniwa amekufa maji. Kumbe yu hai.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mahsusi kwa hali hizi. "Eti" humwezesha msemaji kurudia habari bila ya kuibeba dhamana yake, ni kama kusema, "hivyo ndivyo nilivyoambiwa, mimi simo." "Kumbe" huashiria kwamba dhana ya awali imevunjwa na ukweli uliojitokeza. Kati ya maneno haya mawili kuna safari nzima ya ujuzi, na safari hiyo ndiyo msuko wa filamu hii. Vladimir Propp, aliyechunguza ngano za Kirusi mwaka 1928, angeueleza msuko huo kwa kuanzia na upungufu na kuishia na kuondolewa kwa upungufu huo: maji yalikosekana, yakapatikana, wanaume walipotea, wakarudi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha jambo lililo la maana zaidi kwa mwalimu wa lugha, nalo ni kwamba kila kilichorudi kilirudi kwa sababu mtu fulani alikataa kuridhika na "eti".

Picha haiwezi kusema "eti". Wanakijiji wanaponong'ona kuhusu Karaba, mchoraji anaweza kuwaonyesha wakiogopa, lakini hawezi kuonyesha kwamba maneno yao hayana ushahidi. Ni mwanafunzi anayesimulia ambaye hana budi kuchagua. Akisema, "Karaba aliwala wanaume wote," ameshiriki uvumi. Akisema, "Eti Karaba aliwala wanaume wote," amejitenga nao. Sentensi hizi mbili zinatofautiana kwa neno moja, na zoezi la kuzilinganisha linaweza kuchukua kipindi kizima. Linamwingiza mtoto katika usemi halisi na usemi wa taarifa, mada ambayo hufundishwa kwa kubadilisha sentensi zisizo na mwenyewe ubaoni, na linamwonyesha kwamba kuripoti maneno ya mtu ni tendo lenye wajibu.

5. Upatanisho wa Kisarufi kama Hukumu

Jambo la pili ambalo picha haiwezi kulifanya ni kuchagua ngeli. Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni kinyago. Kisarufi, kinyago kimo katika ngeli ya KI-VI: kinyago kilianguka, vinyago vilianguka. Lakini vinyago vya Karaba vinatembea, vinanusa, vinasema na kutii amri. Je, mtoto atasema "kinyago kilipanda juu ya paa" au "kinyago alipanda juu ya paa"? Tunajua kwamba Kiswahili huvipa viumbe wenye uhai upatanisho wa A-WA hata majina yao yanapoanza kwa ki-, kama kiboko na kipofu. Kwa hiyo mtoto anayesema "alipanda" amekwisha kuamua kwamba kinyago hiki kina uhai. Mwishoni filamu inampa haki: kumbe vinyago walikuwa baba zao. Mwalimu asiharakishe kumsahihisha. Amwulize kwa nini amechagua hivyo, na aliyesema "kilipanda" naye aulizwe. Kisha filamu ikiisha wasimulie tena.

Wa pili ni Kirikou mwenyewe. Wanakijiji wanaomdharau kwa udogo wake wangeweza kumwita "kitoto", na upatanisho ukafuata: kitoto hiki kinatusumbua. Udogishaji katika Kiswahili hubeba upendo au dharau kutegemea kinywa unamotoka. Baada ya maji kurudi watu wanamwimbia kwa kumsifu, na msimulizi atajiuliza iwapo "kitoto kilicho jasiri" bado ni usemi wa haki au sasa yafaa aseme "mtoto aliye jasiri".

Wa tatu ni Karaba. Kwa mujibu wa uvumi yeye ni zimwi, na zimwi lina upatanisho wake, kama tunavyosikia katika methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linakula, linatisha, linakausha chemchemi. Babu anapoeleza habari ya mwiba, inakuwa vigumu kuendelea na li-. Linageuka kuwa anaumia.

Tukiiweka mifano hii pamoja tunaona kwamba wahusika wote wakuu wa filamu, shujaa, waathiriwa na adui, huingia katika usimulizi wa Kiswahili wakiwa nje ya upatanisho wa A-WA na kuishia ndani yake. Ocelot hakulikusudia jambo hili, kwani Kifaransa hakina ngeli za namna hii. Limetokana na kukutana kwa picha zake na sarufi yetu. Kwa maoni yetu hapa pana mfano wa wazi wa kuonyesha kwamba sarufi ya ngeli, ambayo wanafunzi wengi huiona kama jedwali la kukariri, ni chombo cha kutolea hukumu kuhusu nani ahesabiwe kuwa mtu.

6. Pingamizi

Matumizi ya filamu hii hayakosi matatizo, na mhakiki hana budi kuyakabili.

Kwanza, ni Afrika ya nani inayoonyeshwa? Mandhari ya filamu hii yana athari ya michoro ya misitu ya Henri Rousseau, Mfaransa mwingine, na kijiji hakitajwi kuwa cha kabila wala nchi yoyote. Hatari ya kumfanya mtoto aamini kwamba Afrika ni kijiji kimoja ipo. Haitatuliwi kwa kuificha filamu. Inapunguzwa kwa zoezi la maelezo ambamo mwanafunzi wa Kwale, Turkana au Kisii anaorodhesha yaliyo tofauti na kwao, tangu umbo la nyumba hadi namna ya kuteka maji.

Pili ni suala la uchi. Kirikou hana nguo, na wanawake wako vifua wazi. Mtunzi alikataa shinikizo la kuwavisha wahusika wake, na jambo hilo lilitatiza usambazaji wa filamu katika nchi zinazosema Kiingereza. Baadhi ya wazazi na wasimamizi wa shule zetu watakuwa na maoni yayo hayo. Mwalimu mwenye busara atashauriana nao kabla, na anaweza kuteua sehemu chache badala ya filamu nzima, kwani mbinu tunayoipendekeza haihitaji zaidi ya dakika tano kwa kipindi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni mwiba wa Karaba. Mtazamaji mzima hawezi kukosa kuona kwamba wanaume wanaomshikilia mwanamke na kumchoma mwiba ni istiara ya unyanyasaji. Katika darasa lolote kunaweza kuwa na mtoto anayejua jambo hilo kwa mwili wake. Hatudhani kwamba mwalimu aifafanue istiara hiyo. Filamu imeieleza kwa kiwango ambacho mtoto anaweza kukibeba: kwamba mtu aliumizwa, kwamba maumivu yake yalizaa ubaya, na kwamba kumponya kulihitaji mtu aliyethubutu kuuliza. Mwalimu afuate kiwango hicho, na awe tayari kumsikiliza kando mtoto atakayetaka kusema zaidi.

Nne, mwisho wa filamu una kasoro ya kifani. Karaba anambusu Kirikou naye anageuka mara moja kuwa mwanamume mzima. Motifu hii inanukia ngano za Ulaya kuliko zile za Afrika Magharibi, na inaudhoofisha ujumbe uliotangulia. Babu alikuwa amemnyima Kirikou hirizi, akimweleza kwamba nguvu yake ni kutokuwa nayo, na udogo wake ndio uliompitisha chini ya ardhi. Hatimaye udogo huo unaondolewa kana kwamba ulikuwa ila. Wanafunzi waulizwe wangeimalizaje hadithi. Hapo insha itakuwa imezaliwa kutokana na kutoridhika, na hiyo ni asili njema ya insha.

7. Filamu Darasani

Kutokana na uchanganuzi huu tunapendekeza utaratibu wenye hatua nne kwa madarasa ya nne hadi ya sita. Hatua ya kwanza ni kutazama sehemu fupi bila ya sauti, kwa utulivu. Ya pili ni kusimulia: mwanafunzi mmoja anasimama, anafungua kwa "paukwa", darasa linamjibu "pakawa", na picha zinarudiwa huku yeye akisimulia. Hadhira inarudi kuwa hadhira tendaji, inauliza na kusahihisha. Ya tatu ni kulinganisha simulizi mbili za sehemu ileile, hasa mahali zilipotofautiana katika nyakati, ngeli na matumizi ya "eti" na "kumbe". Ya nne ni kuandika, kisha kusomeana yaliyoandikwa. Kwa utaratibu huu stadi zote nne hutumika, na filamu yenyewe huchukua sehemu ndogo ya wakati.

Shule isiyo na umeme au kiprojekta haijazuiliwa. Simu moja ya mwalimu inaweza kuonyeshwa kwa kikundi kimoja, kikundi hicho kikawasimulia wenzao ambao hawakuona. Pengine utaratibu huo ni bora zaidi, maana msimulizi atakuwa na habari ambayo hadhira haina, na hiyo ndiyo hali ya kila fanani.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba thamani ya filamu ya katuni katika kufundisha lugha haitokani na mvuto wake pekee. Inatokana na yale ambayo picha haina uwezo wa kuyasema, na ambayo kwa sababu hiyo humlazimu mtoto kusema. Katika Kirikou et la Sorcière mambo hayo ni shaka, ugunduzi na hukumu, na Kiswahili kina vyombo vyake vya kuyabebea. Mwanafunzi aliyekariri vifungu vya kupamba insha hatapata pa kuvipachika anaposimulia mtoto mdogo anayejipenyeza chini ya ardhi, kwani wenzake wameiona picha ileile na watamuuliza alichomoza wapi jua hilo.

Yapo mengi yaliyobaki kuchunguzwa, hasa iwapo lugha nyingine za Kenya zenye ngeli zinatoa uamuzi uleule kuhusu kinyago, na lugha zisizo na ngeli, kama Dholuo, zinautoa kwa njia gani. Uchunguzi huo ungewafaa wanafunzi wetu wa uzamili, ambao wengi wao ni walimu au watakuwa walimu. Kirikou aliuliza swali moja kwa watu wengi hadi akampata mwenye jibu. Darasa la Kiswahili ambalo mtoto anaweza kuuliza "eti nani kasema?" na asikemewe litakuwa limefaulu katika lugha na katika fasihi kwa pamoja.